Nilishuka kwa Tiketi

Nilimdanganya mzee mmoja wa Kijerumani tukiwa mita 150 chini ya ardhi. Aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani, nikamjibu kwamba ni mfanyabiashara. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anapiga soga tu, tukiwasubiri wenzetu waliokuwa wanapigana picha kwenye toroli la zamani la kubebea mawe. Akaitikia kwa kichwa, akasema biashara ni kazi nzuri, kisha akageuka kutuongoza mbele gizani. Nikamfuata na kofia ngumu ya kuazimwa, buti za mpira za kuazimwa na taa ya kuazimwa.

Ilikuwa Novemba 2023, mwezi wangu wa pili Ujerumani. Wanafunzi wa kigeni tulikuwa tumepewa ratiba ya matembezi ya muhula mzima: Jumamosi hii mgodi, Jumamosi ile hazina ya wafalme Dresden, mwishoni Berlin. Yaliitwa matembezi ya utamaduni. Kila safari ilikuwa na bei yake, na mimi kila bei niliigeuza kichwani kuwa mahindi. Berlin, kwa hesabu zangu, ilikuwa karibu gunia zima. Mwanafunzi yeyote wa kwetu aliyewahi kukaa Ulaya anaijua hesabu hii. Hakuna anayekufundisha, unaamka siku moja unajikuta unaijua.

Nilijiandikisha kwenda mgodini kwa sababu ilikuwa safari ya bei ndogo kuliko zote. Na kwa sababu nyingine.

*

Natoka Bugarama, Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Mgodi huo ulipozinduliwa mwaka 2001 nilikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo siijui Bugarama isiyokuwa na mgodi. Lakini baba hakuwahi kuajiriwa pale. Baba ni mchimbaji wa nyundo na moko, wale wanaofuata rashi. Wakisikia dhahabu imetoka Nyarugusu wanakwenda Nyarugusu, ikitoka Mgusu wanahamia Mgusu, na mwenye duara akiishiwa hela ya kuwalisha wanarudi nyumbani na nguo chafu. Kwenye makaratasi wanaitwa wachimbaji wadogo. Baba ana urefu wa futi sita. Nilipokuwa shule ya msingi nikisikia redio inawataja wachimbaji wadogo, nilidhani wanazungumziwa watu wengine.

Wakati wa likizo mama alikuwa anauza uji na maandazi machimboni, na mimi nilikuwa nambebea chupa za uji. Niliruhusiwa kufika kwenye karasha, ambako mawe yanasagwa, na kwenye mialo, ambako ule unga wa mawe unaoshwa juu ya magunia na dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Duarani, hapana. Mwanamke akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Kila mtu alilijua hilo, hata mama, ambaye hakuliamini lakini hakutaka awe yeye wa kulaumiwa siku mwamba ukitoka mtupu. Kwa hiyo miaka yote ile sikuwahi kuona mahali baba anapofanyia kazi. Niliona shimo kwa mbali, gogo la kuzungushia kamba, na vichwa vya wanaume vikizama kimoja kimoja, kila kichwa na tochi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Jioni baba alitoka mweupe kwa vumbi. Hakuwa anasimulia. Ukimuuliza chini kukoje, anakujibu: "Chini ni chini."

Hiyo ndiyo sababu nyingine ya tiketi.

*

Freiberg ni mji mdogo wa Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Mji huo uliishi kwa fedha. Nasema fedha yale madini, si hela, ingawa kwao vitu hivi viwili vilikuwa kitu kimoja. Iligunduliwa mwaka 1168. Hadithi yao ni kwamba wasafirishaji wa chumvi waliona jiwe linang'aa kwenye alama ya gurudumu la mkokoteni. Nilicheka, maana kwetu kila rashi ina hadithi ya namna hiyo, isipokuwa mtu wa kwetu huwa anachunga ng'ombe au anachimba choo. Mwaka 1765 wakaanzisha chuo cha madini, ambacho ndicho kilichonileta. Nasomea maji ya chini ya ardhi na namna metali nzito zinavyosafiri ndani yake. Zebaki, kwa ufupi. Sihitaji kueleza kwa nini.

Uchimbaji wa fedha pale ulisimama mwaka 1913, ukafufuliwa baadaye kwa ajili ya risasi na zinki, ukafungwa kabisa mwaka 1969. Mgodi wenyewe, Reiche Zeche, sasa ni wa kufundishia, wa utafiti, na wa watu kama sisi wenye tiketi.

Lifti ni kizimba cha chuma. Mnajipanga mmegusana mabega, mlango unafungwa, na ukuta wa mwamba unaanza kupanda mbele ya pua yako. Chini kuna baridi ya unyevu, maji yanadondoka, reli nyembamba zinapotelea gizani. Kuna sehemu dari iko chini kiasi kwamba kofia inagonga, na kila inapogonga unashukuru kwamba ni kofia. Kwenye kuta za zamani alama za moko zinaonekana mpaka leo, mistari myembamba ya mshazari, maelfu kwa maelfu, kama mtu aliyekuwa anahesabu siku. Niliweka kiganja juu yake. Nikawaza: hivi ndivyo kulivyo. Miaka ishirini na mitano ya kuambiwa chini ni chini, na hapa niko chini.

Yule mzee alikuwa ameingia migodini kijana wa miaka 16, na akafanya kazi hiyo mpaka migodi ya upande wao ilipofungwa baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990. Kiingereza chake kilikuwa kigumu kama changu cha kidato cha kwanza, na nilimpenda kwa ajili hiyo. Akatoa kwenye sanduku vitu viwili, nyundo na chuma chenye ncha. Akaeleza kwamba kwa vifaa hivi mtu alikuwa anasogea sentimita chache tu kwa zamu nzima kwenye mwamba mgumu, na kwamba nyundo na chuma vilivyopishana ndiyo alama ya wachimbaji mpaka leo. Kweli, nilikuwa nimeiona kila mahali mjini nikadhani ni nembo ya kampuni. Ilikuwa nyundo na moko. Akauliza nani kati yetu amewahi kushika kitu kama hiki. Nilishawahi. Moko la baba lipo chini ya kitanda cha wazazi wangu, limefungwa kwenye kipande cha mfuko wa salfeti. Nikaingiza mkono mfukoni.

Dakika chache baadaye ndipo aliponiuliza kuhusu baba.

Nimejiuliza sana kwa nini nilijibu vile. Kundi letu lilikuwa na mtoto wa mhandisi wa migodi, na kwa jinsi alivyokuwa anasema "migodi" ungedhani anazungumzia mashamba ya familia. Halafu wiki hiyo nilikuwa nasoma makala moja ya kitaalamu kuhusu zebaki, yenye picha ya mchimbaji mdogo ameinama kwenye dimbwi. Uso hauonekani, mgongo tu. Chini ya picha paliandikwa chanzo cha uchafuzi. Ule mgongo ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Niliogopa kwamba nikisema baba yangu ni mchimbaji, kila mtu pale atauona mgongo ule.

Hayo ni maelezo niliyoyapata baadaye. Pale pale hapakuwa na maelezo. Neno "mfanyabiashara" lilitoka lenyewe, laini, kama lilikuwa limeshafanyiwa mazoezi. Na lilikuwa limefanyiwa. Ndilo nililoandika kwenye fomu zote tangu sekondari.

*

Desemba ilipoingia, mji ulibadilika. Kwenye kila dirisha pakawekwa tao la mbao lenye taa, na pembeni ya tao sanamu ndogo za mbao zilizoshika mishumaa: malaika na mchimbaji. Mama mwenye nyumba wangu alinieleza kwamba zamani, wakati wa baridi, mchimbaji aliingia mgodini kabla ya jua na kutoka baada ya jua, kwa hiyo taa za madirishani zilikuwa ndiyo mwanga wake. Na desturi ni kwamba dirishani unaweka mchimbaji kwa kila mtoto wa kiume uliyenaye na malaika kwa kila mtoto wa kike. Kwenye soko la Krismasi muuzaji, bila kuniuliza, alininyoshea malaika. Nikamwambia nataka mchimbaji. Alikuwa na urefu wa kidole na bei ya debe la mahindi. Nikamnunua.

Jumamosi moja jioni yakafanyika maandamano ya wachimbaji. Nilikwenda na rafiki yangu kutoka Ghana, tumejifunga skafu mpaka machoni, mfukoni nina matobolwa ya mwisho yaliyotoka nyumbani, magumu kama kokoto kwa baridi, tunatafuna. Kwanza tukasikia tarumbeta. Kisha wakatokea kwa safu, mamia, mavazi meusi na meupe, kofia ndefu zenye manyoya, mienge mkononi. Kila safu ilikuwa na kazi yake na vazi lake: wachimbaji, wayeyushaji wa madini, mafundi, wasimamizi. Wazee walitembea na wajukuu wao, watoto wa miaka sita wamevaa vivyo hivyo na vitaa mkononi. Watu pembeni walivua kofia. Walipiga wimbo wa wachimbaji na uwanja mzima ukaimba, wauza soseji wakiwemo. Katika mji ambao haujatoa madini tangu 1969!

Katika safu ya tatu au ya nne nikamwona mzee wetu wa mgodini. Alikuwa amenyooka kama mwanajeshi. Mtu mmoja pembeni yangu alimpigia kelele "Glück auf!" naye akajibu "Glück auf!" Hiyo ndiyo salamu yao. Ndani yake mna kuombeana bahati: mwamba ukufungukie, nawe upande juu salama. Hawasemi habari za asubuhi. Wanasema hiyo, hata posta.

Nikakumbuka Bujora. Kabla ya Ulaya nilikuwa nimeingia makumbusho moja tu maishani, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje ya Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Tulipelekwa na shule. Tulioneshwa ngoma za Bagika na Bagalu, tukachezewa bugobogobo, wanaume wakirusha majembe hewani na kuyadaka bila kukosea pigo la ngoma. Tuna ngoma ya jembe. Bayeye wanacheza na chatu, na banungule, wawindaji wa nungunungu, wana ngoma yao. Nilisimama pale Freiberg vidole vimekufa ganzi nikijaribu kukumbuka ngoma ya mtu anayeshuka duarani kwa kamba, na sikuipata. Kwetu kilimo kina ngoma, ng'ombe wana majina ya sifa, na uchimbaji una nini? Una matusi ya kwenye karasha na nyimbo za bongofleva. Labda kazi yenyewe bado changa. Labda hakuna anayetaka kuikumbuka kabla haijamtoa.

Na nikawakumbuka wale wa Nyangalata. Oktoba 2015 mashimo yaliporomoka Nyangalata, humo humo Kahama, wachimbaji sita wakafukiwa. Baada ya siku 41, tarehe 15 Novemba, watano wakatolewa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefia chini. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji waliyoyakinga yakidondoka. Mimi nilikuwa bweni wakati huo, na mwalimu wetu alitusomea habari hiyo gazetini mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hatukumwamini. Siku arobaini na moja! Kwa hawa wenye mienge lingekuwa ni tao la mbao kwenye kila dirisha mpaka mwisho wa dunia. Kwetu sijawahi kuona hata kibao.

Mwisho wa mwaka huo mama alimwambia baba achague, duara au yeye. Baba akalifunga moko kwenye kile kipande cha salfeti. Tangu hapo analima mpunga, na anakohoa.

*

Siku ya Krismasi nilipiga simu nyumbani. Mama aliongea mpaka akachoka, akampa baba simu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kwa kawaida tukifika hapo mazungumzo yetu yanakuwa yamekwisha. Safari hii nikamwambia nimeshuka mgodini. Pakawa kimya mpaka nikaangalia kama mtandao umekata.

"Umeshuka wewe?"

"Nimeshuka, baba."

"Kwa kamba?"

"Kwa lifti."

"Aaa." Kimya tena. "Matimba yao ni ya mti gani?"

Matimba ni yale magogo ya kuzuia kuta na dari. Nikamwambia sikuangalia.

"Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

Akauliza mwamba umesimama au umelala. Akauliza maji wanayatoaje, hewa inaingilia wapi, na mtu akizidiwa chini anatolewa kwa njia gani. Mimi mwanafunzi wa shahada ya pili nilijibu maswali mawili. Yaliyobaki akayajibu mwenyewe, kwa namna wanavyofanya wao, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia baba akieleza kazi yake. Alisema ukiingia asubuhi unapiga dari kwa nyundo na kusikiliza; dari nzima inalia kama kengele na dari mbovu inalia kama mtungi uliopasuka. Alisema matimba ya mti ni bora kuliko chuma, hata ukipewa chuma bure, kwa sababu mti unalia kabla haujavunjika. "Chuma hakiagi, mayu." Alisema yeye hakuwahi kukaa duara ambalo mwenyewe anabania magogo. Ndiyo maana tulikuwa maskini zaidi ya jirani zetu, na ndiyo maana yuko hai. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Huyo mzee aliyewapeleka," akauliza, "ulimwambia kwamba na mimi ni mchimbaji?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema nikusalimie."

"Wabeja," akasema baba, na nilisikia amefurahi. "Na wewe mfikishie salamu zangu."

Nimekueleza, msomaji, uongo wa kwanza. Huo ndio wa pili, na ulikuwa na uzito kuliko wa kwanza, maana sasa nilikuwa nimekabidhiwa salamu za mtu mzima.

*

Sikurudi mgodini mara moja. Januari nilikuwa na mitihani, nilijiambia. Lakini kwenda Dresden nilikwenda, na Berlin nilikwenda, mahindi yakiteketea.

Dresden nitaipitia haraka kwa sababu baada ya vyumba vitatu vya vito macho yalichoka. Grünes Gewölbe ndiyo hazina ya watawala wa Saxony, iliyopangwa na August, yule waliyempa jina la Mwenye Nguvu. Ndiko wezi walikoingia alfajiri moja ya Novemba 2019 na kuiba vito, vingi vikapatikana mwishoni mwa 2022. Nilimaliza ukumbi mzima nikifanya hesabu ya kijinga: sahani hii ni zamu ngapi za sentimita chache? Kisha nikakuta sanamu moja ya mwaka 1724 hivi. Ni kijana mweusi wa mti wa mpeasi uliopakwa rangi ya kung'aa, amebeba sinia lenye mawe ya zumaridi kutoka Kolombia. Anatabasamu. Mapambo na michoro ya mwilini mwake ni ya watu wa Amerika, ngozi ni ya Afrika. Mchongaji alichanganya mabara mawili, mradi mbebaji awe wa mbali. Kati ya vitu vyote nilivyoviona siku ile, ni yeye peke yake aliyeonesha kwamba mawe huwa yanabebwa na mtu. Rafiki yangu wa Ghana alimtazama, akasema, "Angalau angepewa shati," akaenda kutafuta chai.

Berlin kulikuwa na mjusi wetu. Namwita hivyo kama tunavyomwita wote: mjusi wa Tendaguru, Lindi, dinosaria aliyesimama katikati ya ukumbi wa Makumbusho ya Historia Asilia, mita 13 na ushee kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, kusini ile ile. Nilikuwa najua mjadala kwamba arudishwe au asirudishwe, na nilikwenda nikiwa na maoni yangu tayari. Nilipofika nikasahau maoni. Nilichokiona ni mzigo. Mfupa mmoja wa mguu unanizidi urefu. Na nilikuwa nimesoma kwamba mamia ya watu walichimba pale kilimani, wakaifunga mifupa, wakaibeba kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, na kwamba msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Nilisoma historia mpaka kidato cha nne. Mjusi nilifundishwa. Boheti nilikutana naye kwenye maktaba ya Freiberg.

Katika maktaba hiyo hiyo kuna kitabu cha Agricola, Msaxony wa huko huko, kilichochapwa mwaka 1556, De re metallica. Nilikwenda kukitazama kwa ajili ya baba, kwa kweli. Kimejaa picha za kuchonga: wanaume wawili wanazungusha gogo la kamba juu ya shimo, wanawake wamekaa mezani wanachambua mawe. Ungezipaka rangi ungepata Nyarugusu. Agricola anaeleza vumbi linavyokula mapafu ya wachimbaji, na anataja kwamba kwenye migodi ya milima ya Karpati kuna wanawake walioolewa na waume saba mmoja baada ya mwingine, wote wakamalizwa na ugonjwa huo. Nikafunga kitabu nikatoka nje. Theluji ilikuwa inaanguka. Nikaenda moja kwa moja kukata tiketi ya mgodini.

*

Ilikuwa Jumamosi ya Februari. Safari hii sikuwa na kundi la wanafunzi, ilikuwa ziara ya wenyeji, kwa Kijerumani kitupu: familia mbili na mimi. Kijerumani changu kilikuwa cha kununulia mkate. Kwenye lifti nilikuwa narudiarudia sentensi moja kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Chini nilianza na matimba. Yalikuwa ya mti wa jamii ya msonobari, mengine meupe kwa ukungu. Niliyagusa moja moja. Mzee akaniona, akanitambua, akaja. Akaligonga gogo moja kwa kifundo cha kidole, akasema maneno machache, na kwa sababu nilikuwa nimeshayasikia kwa Kiswahili niliyaelewa kabla hajamaliza: mti unaonya, chuma hakionyi.

Nikasema sentensi yangu. Baba yangu ni mchimbaji. Kwa Kijerumani ni Bergmann, mtu wa mlima, hakuna mkubwa wala mdogo. Nikaongeza: Tanzania, dhahabu. Nikaongeza, na hili halikuwa kwenye mazoezi, kwamba Novemba nilimwambia uongo.

Hakunijibu juu ya uongo. Sijui kama alikumbuka hata. Ameuliza wanafunzi wangapi swali lile. Aliniuliza kitu kimoja tu: kina gani?

Sikujua. Nilikuwa sijawahi kuuliza.

Ziara ilipoisha hakuondoka na wengine. Tulisimama uani karibu na mnara wa lifti, akiwa amevua kofia, kichwa kinatoa mvuke. Nikapiga simu. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, na nyuma ya sauti ya baba nikasikia watoto wakifukuza ndege mpungani.

"Baba, lile duara la mwisho lilikuwa na kina gani?"

"Nani anauliza?"

"Mzee wa mgodi. Ninaye hapa."

Akakohoa, akajiweka sawa. Niliweza kumwona akisimama. "Mwambie futi mia na ishirini. Mwambie kwa kamba."

Nikatafsiri. Kwa kamba ilinipa shida, nikaigiza kwa mikono. Mzee aliniomba nirudie. Nikarudia. Akabaki ameitazama simu, kisha akasogeza mdomo karibu nayo, akapaza sauti kama mtu anayeita kutoka juu ya shimo: "Glück auf!"

"Anasemaje?" akauliza baba.

"Anakusalimia."

Baba akanyamaza kidogo.

"Si alishanisalimia Krismasi?" akasema.